Nitajuaje kama difu ya nyuma ya Hilux yangu ni LSD kweli?

Mama Viazi wa Matamba aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, maana huku niliko kila fundi ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Nina Hilux dabo kebini, injini ya dizeli aina ya 5L, giaboksi ya mkono, foo wili ya kuchomeka kwa leva. Niliinunua mwezi wa nane Mbeya. Kazi yake ni kutoa viazi shambani kuvileta hapa Matamba, ambako Fuso zinapakia kwenda Dar. Wanaokujua huku wanajua: ukitoka Chimala unapanda zile kona hamsini na saba, na ukishafika juu ndipo njia zenyewe za mashambani zinapoanza. Masika yakishika, njia hizo si njia tena.

Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba nyuma ina LSD, yaani difu (zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa tairi mbili) ambayo tairi moja ikiteleza nyingine inaendelea kusukuma. Aliniinamisha chini ya gari nikaona kwa macho yangu kibati kidogo kwenye difu, kimeandikwa LSD. Kwa ajili ya hiyo LSD nikakubali kuongeza laki nne juu ya bei niliyokuwa nimeipanga. Sikujutia, maana nilijua ninakoipeleka.

Sasa Jumanne iliyopita nilikuwa na gunia saba nyuma. Tairi ya kushoto ikaingia kwenye mfereji wa maji, ikaanza kuzunguka kama pangaboi. Nikamwachia usukani kijana wangu nikashuka kuangalia. Tairi ya kulia ilikuwa juu ya nyasi, pakavu kabisa, na haikusogea hata robo mzunguko. Imetulia kama gari limezimwa. Nikachomeka foo wili, tukatoka.

Fundi wa kwanza anasema LSD zote zikizeeka zinakuwa hivyo. Wa pili anasema Hilux hazina LSD, hicho kibati kimebandikwa tu. Wa tatu anataka kumwaga oili ya difu aweke oili maalumu ya LSD, na bei ya hiyo oili niliyotajiwa Mbeya si ya kujaribia.

Ninachotaka kujua ni kama kuna njia ya kuthibitisha bila kufungua difu nzima. Gari likilala gereji siku mbili sasa hivi, viazi vyangu vinaoza shambani.

Jambo jingine, sijui kama linahusiana: nikitoka kwenye tope nikafika njia ngumu, leva ya foo wili inagoma kurudi. Lazima nirudi rivasi kidogo ndipo inaachia. Nilidhani ni uzee tu.

Kijana wa Altezza alijibu:

Dada, hilo jepesi. Tafuta sehemu ya changarawe, kanyaga mafuta kwa nguvu ukiwa umesimama, kisha shuka uangalie. Alama moja ya tairi, difu ya kawaida. Alama mbili, LSD. Mimi gari yangu niliithibitisha hivyo hivyo.

Au kama hutaki kuchimba barabara, pandisha tairi moja ya nyuma kwa jeki, washa gari, chomeka gia ya kwanza, achia klachi taratibu. Iliyoko juu ikizunguka peke yake, umepata jibu.

Mzee wa Spana (Mafinga) alijibu:

Binti yangu Mama Viazi, kabla ya lolote: hiyo njia ya pili aliyoitaja kijana hapo juu USIIFANYE. Kijana wangu, najua umesaidia kwa nia njema, lakini fikiria vizuri. Kama difu ni LSD nzima, tairi iliyoko chini nayo itavuta, na gari litaruka kutoka kwenye jeki na kwenda mbele. Nimeliona kwa macho yangu kwenye gereji moja miaka mingi iliyopita: pikapu ilishuka kwenye jeki ikagonga benchi la vyuma, na aliyekuwa amechuchumaa pale alipona kwa hatua moja tu. Ni jaribio linalomuumiza mtu pale hasa jibu linapokuwa "ndiyo". Mwenye gari la LSD hawashi injini na kuchomeka gia wakati tairi moja iko juu na nyingine iko chini. Kamwe.

Na njia ya changarawe nayo inadanganya. Ukisimama sawa, mzigo sawa, changarawe sawa pande zote, difu ya kawaida nayo inaweza kuchora alama mbili, kwa sababu inagawa nguvu sawasawa kwa tairi zote mbili. Tatizo lake linaonekana upande mmoja unapokosa mshiko: huo upande hauhitaji nguvu yoyote kuzunguka, kwa hiyo na ule mwingine haupewi nguvu. Hicho ndicho ulichokiona mferejini, mama. Kushoto kulikuwa hakuna upinzani, basi na kulia hakukuwa na msukumo.

LSD ya Hilux ina sahani za klachi ndani, pembeni ya zile gia ndogo. Sahani zinabanana, kwa hiyo upande mmoja ukitaka kukimbia peke yake unaburuta na mwenzake. Sahani zikilika, mbano unapotea, na difu inaanza kufanya kazi kama ya kawaida. Kwa hiyo fundi wako wa kwanza hajakosea kabisa. Wa pili amekosea: Hilux nyingi zilitoka kiwandani na LSD nyuma. Wa tatu mwambie asubiri.

Fanya hivi. Utahitaji jeki mbili au jeki na stendi, mawe manne makubwa, chaki, na mtu mmoja wa kukusaidia.

Chagua mahali tambarare na pagumu. Weka mawe mbele na nyuma ya tairi za mbele. Hilux hendibreki yake inashika tairi za nyuma, hivyo ukishanyanyua nyuma haikusaidii kitu. Mawe ndiyo breki yako. Injini imezimwa, funguo weka mfukoni mwako, si kwenye gari. Leva ya foo wili iwe kwenye 2H, yaani tairi za nyuma pekee ndizo zinavuta. Nyanyua tairi zote mbili za nyuma, weka stendi chini ya ekseli, usitegemee jeki peke yake. Kisha achia hendibreki.

Kwanza zungusha kila tairi usikilize. Kama breki ya upande mmoja inashika, majibu yote yatakuwa ya uongo. Irekebishe kwanza.

Halafu weka gia nyutro, zungusha tairi ya kushoto kwa mkono na umwambie msaidizi aangalie ya kulia. Ikizunguka upande uleule wako, kuna LSD na ina nguvu. Ikizunguka kinyume, ama difu ni ya kawaida ama sahani zimekwisha. Huko kwenu kuna baridi, asubuhi oili inakuwa nzito na kila kitu kinaburutana, kwa hiyo fanya jaribio hili baada ya gari kutembea.

Sasa lililo bora kuliko hilo. Tairi zikiwa bado juu, chomeka gia ya kwanza, injini imezimwa vilevile. Propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, haiwezi kuzunguka tena, na krauni, gia kubwa ya ndani ya difu, imesimama. Jaribu kuzungusha tairi ya kushoto. Difu ya kawaida: itazunguka laini na ya kulia itakwenda kinyume, mwendo uleule. LSD nzima: haitaki, utaegemea na mwili mzima. LSD iliyochoka: itazunguka, lakini utasikia ukakasi fulani mkononi.

Hapo utakuwa umejua difu INAFANYA nini. Kujua NI nini ni suala jingine. Kwenye chumba cha injini, ukutani upande wa kioo, kuna kibati chenye namba ya fremu na mstari ulioandikwa AXLE. Kipige picha, peleka kwa muuza vipuri mwenye katalogi ya Toyota. Atakuambia gari lilitoka kiwandani na difu gani na uwiano gani wa meno, yaani propela inazunguka mara ngapi krauni ikizunguka mara moja.

Kuhusu leva kugoma: kidogo ni kawaida kwa foo wili ya namna hii ukifika pagumu. Lakini nina shaka. Fanya kwanza hayo, ulete majibu, kisha nitakuambia la kufanya.

Mkulima wa Kinangop alijibu:

Mama Viazi, pole sana. Hata sisi huku Nyandarua ni viazi na matope, kwa hiyo nakuelewa kabisa.

Mzee, naomba kuuliza, maana mimi nilifanya hilo jaribio na likanichanganya. Gari yangu ni Subaru Forester ya turbo. Kwa difu ya nyuma kuna kibandiko cha LSD. Makanika wangu aliinua nyuma yote, akazungusha gurudumu moja polepole, lingine likaenda kinyume. Akaniambia nimeuziwa uongo. Lakini kwa matope gari inatoka vizuri, na magurudumu yote ya nyuma yanashika. Ni nani ana makosa?

Mzee wa Spana (Mafinga) alijibu:

Ndugu wa Kinangop, makanika wako hajakudanganya wala muuzaji hajakudanganya. LSD ya gari lako si ya sahani za msuguano. Ndani kuna chombo kilichofungwa chenye sahani zilizotoboka zikiogelea kwenye mafuta mazito ya silikoni. Mafuta hayo hayapingi ukizungusha polepole. Yanapinga tofauti ya mwendo ikiwa kubwa. Jaribu hivi: inua gurudumu moja tu, gia nyutro, gari limezuiwa kwa mawe, kisha lisukume. Ukilisukuma taratibu linakubali, ukitaka kwenda kasi linakuwa kama unakoroga asali. Na kwa sababu chombo kimefungwa, oili ya difu yako ni ya kawaida ya GL-5, huhitaji ya LSD.

Na kijana wetu wa Altezza, kama yako ni ile yenye Torsen, aina nyingine ya LSD, hiyo inabanana kwa gia zenyewe. Haina sahani za kulika, lakini tairi moja ikiwa hewani kabisa haina cha kushikilia, inafanana na difu ya kawaida. Kuvuta hendibreki kidogo kunaiamsha.

Ndiyo maana nasema jaribio la mkono lazima ujue unajaribu difu ya aina gani. Kwa Hilux ya enzi hiyo ni sahani, basi. Hilux za miaka ya karibuni zina kompyuta inayoshika breki ya tairi inayoteleza, hapo hata tope lenyewe linaweza kukuonyesha LSD isiyokuwepo. Na usichanganye LSD na difu loki: difu loki ina swichi kwenye dashibodi na inafunga tairi mbili zikawa kitu kimoja.

Mama Viazi wa Matamba alijibu:

Shikamoo mzee wangu. Naleta majibu.

Nimefanya Jumapili mchana baada ya gari kutoka Chimala. Mawe manne, stendi mbili nimeazima, na funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Breki ya kulia ilikuwa inashika kidogo kweli, tukailegeza kwanza.

Nyutro: kushoto mbele, kulia nyuma. Kinyume.

Gia ya kwanza: nilizungusha kwa mkono mmoja. Laini kabisa, hakuna ukakasi, ya kulia ikaenda kinyume sawasawa na yangu. Nikarudia mara tatu, nikambadilisha kijana, majibu yaleyale.

Kibati cha injini nilikipiga picha nikampelekea muuza vipuri Mbeya. Akaingiza namba ya fremu, akaniambia gari limetoka kiwandani na LSD nyuma, uwiano 4.3.

Kwa hiyo kibati cha difu kinasema LSD, katalogi inasema LSD, na mkono wangu unasema hakuna. Ina maana sahani zimekwisha? Nikiweka ile oili zitashika tena?

Mzee wa Spana (Mafinga) alijibu:

Marahaba binti yangu. Umefanya kazi safi kuliko vijana wengi wa gereji.

Oili hairudishi sahani iliyolika. Kazi ya oili ya LSD ni kuzuia sahani zisigugumie. Mwenye LSD nzima akiweka oili isiyofaa, akikata kona taratibu anasikia nyuma kunatetemeka na kugonga. Wewe hujawahi kuliona hilo, na jinsi ulivyosema tairi inazunguka laini, mimi nafikiri hakuna sahani humo ndani.

Sikiliza, difu ya Hilux ina jambo ambalo wengi hawalifikirii. Ekseli ni kitu kimoja, na kichwa cha difu, kile kinachobeba krauni na pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni), ni kitu kingine. Unavuta saidi shafti mbili, zile zinazopeleka nguvu kwenye tairi, unafungua propela, unafungua nati za kuzunguka, kichwa chote kinatoka kwa mbele. Kazi ya nusu siku. Kichwa kikilia, watu hawakikarabati, wananunua kingine kilichotumika na kukipachika. Lakini kibati cha LSD kimefungwa kwenye ekseli, na ekseli haijabadilishwa. Kibati cha injini nacho kinakumbuka siku gari lilipozaliwa tu. Vyote viwili vinaweza kusema kweli na bado ukawa huna LSD.

Kuna namna ya kuona. Fungua boliti ya kujazia oili nyuma ya difu. Siku hizi mafundi wa simu wana kamera ndogo ya waya, unaichomeka kwenye simu. Mwaga oili kwenye beseni safi ili uione na rangi, ingiza kamera, tazama kasha linalokaa katikati ya krauni, huku mtu akizungusha propela taratibu ulione pande zote. Kasha la difu ya kawaida lina madirisha makubwa, unaona meno ya gia ndogo ndani na pini iliyozipitia. La LSD limezibwa, utaona matundu madogo ya oili tu.

Sasa lile la leva. Nisingependa kukutisha, lakini kama kichwa kilibadilishwa, aliyekibadilisha alihakikisha kwamba uwiano ni uleule wa difu ya mbele? Hesabu mwenyewe. Shusha tairi moja ya nyuma, nyingine ibaki juu, nyutro, mawe palepale. Chora chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi iliyo juu mara 20 kamili, msaidizi ahesabu mizunguko ya propela. Kwa kuwa tairi moja imesimama, krauni inazunguka nusu tu, yaani mara 10. Propela ikizunguka 43, difu ni 4.3. Ikizunguka 41, ni 4.1.

Mbele vilevile: shusha nyuma, hendibreki juu, mawe nyuma, habu zote mbili za mbele (vile vifungio vya katikati ya tairi) zifunge, leva kwenye 2H, nyanyua tairi moja ya mbele, zungusha 20, hesabu propela ya mbele.

Mpaka umepata hizo namba mbili, usichomeke foo wili kwenye njia ngumu.

Mama Viazi wa Matamba alijibu:

Mzee wangu, nimehesabu mara mbili nyuma na mara mbili mbele, nimeandika kwenye daftari la mauzo.

Nyuma 41. Mbele 43.

Fundi simu wa hapa sokoni alinikodisha kamera. Oili ilitoka nyeusi ila haina vipande vya chuma. Ndani nimeona dirisha kubwa, meno ya gia ndogo yanaonekana waziwazi, na pini yake. Kijana alizungusha propela, kukaja dirisha la pili upande wa pili. Hakuna kilichozibwa.

Nimekaa chini pale pembeni ya gari nikaumia sana. Si kwa sababu ya LSD. Ni kwa sababu miezi minne nimekuwa nikipanda mashamba na foo wili, na watu wangu wamekaa nyuma juu ya magunia.

Nilimpigia aliyeniuzia. Ameniapia kwamba naye aliuziwa likiwa hivyo na alikuwa anasoma kibati tu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshangaa kweli, na sina la kumdai zaidi ya hapo.

Sasa nifanyeje?

Mzee wa Spana (Mafinga) alijibu:

Pole sana. Ila shukuru umejua sasa.

Ukichomeka foo wili, propela mbili zinafungwa pamoja zizunguke sawa. Nyuma 4.1, mbele 4.3: kila mbele ikienda mita 100, nyuma inataka kwenda karibu 105. Kwenye tope tairi zinateleza na tofauti inamezwa. Kwenye ngumu haina pa kwenda, inajisokota kwenye propela na kwenye gia za transifa, kasha linalopeleka nguvu mbele na nyuma, ndiyo maana leva inagoma mpaka urudi rivasi ijisokotoe. Ukiendelea, transifa ndiyo itakayolipa, au propela.

Tafuta kichwa kilichotumika cha nyuma, LSD, 4.3. Usinunue kwa maneno, na usinunue kwa kibandiko. Nenda na saidi shafti yako moja na kopo la rangi. Pale kaunta hesabu meno: krauni 43, pinioni 10. Weka alama ya rangi kwenye jino la kwanza, la sivyo utapotea. Angalia kasha kama limezibwa. Kisha ingiza saidi shafti upande mmoja, mtu ashike krauni isizunguke, jaribu kuizungusha kwa mkono. Ikizunguka kirahisi, kirudishe, hata kama kasha ni la LSD. Unataka inayokukatalia. Tazama na meno ya krauni, yasiwe na makovu wala rangi ya bluu ya kuungua.

Kikishafungwa, weka oili ya LSD, GL-5, 85W-90, lita 2 na ushei, hadi ifike mdomo wa tundu la kujazia. Kisha tafuta uwanja, zunguka polepole kwa kuandika namba nane, mara kadhaa kila upande, oili iingie katikati ya sahani.

Wakati unatafuta, utatembea na tairi mbili za nyuma. Moja ikiteleza, vuta hendibreki kidogo, mlio mmoja au miwili, huku ukikanyaga mafuta taratibu. Breki inaipa ile inayoteleza upinzani, na nguvu kidogo inakwenda kwa mwenzake. Usikae nayo muda mrefu, inachemsha breki. Na punguza mzigo. Gunia nne badala ya saba.

Mkulima wa Kinangop alijibu:

Mzee, asante. Nimeinua gurudumu moja na ni kweli, ni asali kabisa. Oili ghali niliyokuwa nimeagiziwa nimeirudisha dukani.

Mama Viazi, huku kwetu kuna Hilux mbili za jirani zilizobadilishwa difu. Kesho naenda nazo na chaki.

Mama Viazi wa Matamba alijibu:

Wakuu, imenichukua wiki tatu.

Mbeya nilikuta vichwa vitano vilivyoitwa LSD. Viwili vilikuwa na madirisha makubwa, sikuhitaji hata shafti. Kimoja kilikuwa kimezibwa vizuri lakini meno 41. Cha nne kilikuwa 43, kimezibwa, nikaingiza shafti ikazunguka kwa vidole viwili. Muuzaji akaniambia ikipata oili itakaza, nikamshukuru nikaondoka. Cha tano nilikisukuma nikashindwa, kijana wangu akasukuma akashindwa, tukaweka bomba la chuma kwenye shafti ndipo ikasogea kwa shida. Nilihesabu meno mara tatu. 43 na 10.

Kimefungwa juzi. Oili ni ile uliyosema, mzee, na namba nane niliziandika kwenye uwanja wa mpira, watoto wakitazama. Kabla ya kushusha gari nilirudia jaribio la nyutro. Nikazungusha tairi ya kushoto, na ya kulia ikaifuata, upande uleule.

Jana nilitoka njia ngumu, nikarudisha leva kwa mkono mmoja. Nimebeba gunia sita.